Nani Kafunga Koki ya Babu?

Mara ya mwisho niliwaacha nimesimama mlangoni kwa babu, mfuko wa mkojo mkononi, mtupu kabisa, hata tone hamna. Na siku yenyewe ilikuwa siku ya dripu. Wengine mmenitumia salamu mkilalamika kuwa nimewatesa wiki nzima. Poleni sana. Mimi niliteseka zaidi.

Wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, karibu, kaa, nikusimulie kwa kifupi. Mimi ni fundi cherehani, naishi na babu na bibi waliomzaa mama yangu. Babu ni fundi bomba, mtaa mzima unamwita Mzee Koki. Alipoanza kukojoa mkojo mwekundu hakumwambia mtu. Kwa akili ya fundi bomba, maji mekundu ni kutu, na kutu unaiondoa kwa kupitisha maji mengi. Basi babu akawa anakunywa maji jagi kwa jagi, akisubiri bomba lisafike, mpaka siku alipoanguka bafuni.

Hospitali wakasema ni saratani ya kibofu, na imeshatoka nje ya kibofu, imefika kwenye tezi. Figo moja ilikuwa imekufa kwa kuzibiwa njia. Ya pili waliiokoa kwa kumtoboa mgongoni na kumwekea mrija unaotoa mkojo kwenye figo hadi kwenye mfuko anaotembea nao. Katikati ya mrija kuna koki ndogo ya plastiki, ya kufunga na kufungua.

Daktari hakutuficha. Kupona kabisa tusahau. Ila dripu ya kila baada ya wiki tatu inaweza kumpa muda, na muda mzuri, mradi figo iliyobaki ifanye kazi. Figo ikigoma, dawa hiyo hapewi tena, na nyingine ya nguvu hiyo hawana.

Sasa mnaelewa kwa nini mfuko mtupu ulinikata maini.

"Babu, mfuko hauna kitu."

"Si umeshaumwaga?"

"Sijaumwaga. Nimeukuta hivi hivi."

"Basi figo imelala. Hata mimi sijaamka vizuri, sembuse yeye."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono kiunoni, jasho linamtiririka. Uso ulikuwa wa mgonjwa mahututi, lakini mdomo wake, kama mnavyomjua, haujawahi kuugua.

"Unaumwa wapi?"

"Mgongo umeshikwa kidogo. Mto huu mbaya. Na wewe usinitolee macho, mke wangu, utanifanya nijione mgonjwa."

Ndiyo, ananiita mke wangu. Mababu wengi ndivyo walivyo, na wa kwangu kazidisha, maana huniita hivyo hata mbele ya wateja wangu. Bibi naye huniita mke mwenzangu, hasa vyombo vikiwa vichafu.

Bibi aliingia muda huo huo na ndoo ya maji kichwani. Aliona mfuko, akaona uso wa babu, akaitua ndoo bila kusema neno. Kisha akasema mengi.

"Tangu lini? Na jana nilikuacha mzima nikaenda kwa dada yangu! Mtu ukimwacha siku moja tu anakuharibikia! Twende hospitali, twende sasa hivi, hata chai usinywe."

"Chai nisinywe kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kuniuliza!"

Tukaondoka.

Kwenye wodi ya dripu kuna nesi tunayemwita Sista Haraka, kwa sababu hana haraka yoyote duniani. Alipotuona tu alianza vituko vyake.

"Bwana harusi huyo, kaja na wake zake wote wawili!"

"Mdogo kaja kunisindikiza," babu akamjibu. "Mkubwa kaja kunilinda nisimwoe wa tatu humu ndani."

"Nani akuchukue?" bibi akasema. "Fundi bomba gani wewe, mkeo anabeba ndoo kutoka uani kila siku iendayo kwa Mungu? Umewapelekea maji mpaka watu wa ghorofani. Jikoni kwako hata bomba la kunawia hamna."

Huo ni wimbo wa bibi. Ameuimba tangu mama yangu hajazaliwa. Babu hujibu vile vile kila mara, na siku hiyo pia alijibu.

"Nitalitia. Nina kazi za watu kwanza."

Nikamkatiza. "Sista, mfukoni hakujaingia kitu tangu jana."

Hapo Sista Haraka akawa na haraka. Sijawahi kumwona vile. Alimlaza babu ubavu, akafunua shati, akafuata mrija kwa vidole kuanzia mgongoni. Alipofika kwenye koki vidole vikasimama. Akaizungusha kidogo.

Jamani, mkojo ulivyotoka! Wa rangi ya chai iliyolala, unakimbilia mfukoni kama uliokuwa unasubiri foleni. Babu alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na nikajua kuwa ule mgongo ulikuwa unamuua na hakutaka kusema.

"Ilikuwa imefungwa," Sista Haraka akasema. Kisha akauliza kile mnachojiuliza ninyi wote. "Nani kafunga koki hii?"

Mara bibi akaninyooshea kidole.

"Zile suruali zake hizo!"

Hapa lazima nijieleze. Mimi ndiye niliyembunia babu suruali za mfuko wa ndani, zenye upenyo nyuma wa kupitishia mrija, ili akitembea barabarani mtu asijue amebeba nini. Nilizishona mbili kwa mikono yangu, nikatia vifungo, nikatia bitana laini. Nilijivuna nazo mtaa mzima.

"Suruali zimefanya nini, bibi?"

"Zimeibana koki ikajizungusha. Si nilikuambia pale nyuma pamebana?"

"Uliniambia pamependeza!"

"Nilisema pamependeza na pamebana."

Nikamtazama babu anitetee. Alikuwa anatazama dari. Na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, wasomaji wangu. Babu yangu kupata nafasi ya kunitania mbele za watu na kuiacha ipite? Haijawahi kutokea tangu nizaliwe. Lakini nilikuwa na aibu yangu, sikuona kitu.

Damu ikachukuliwa, majibu yakarudi. Daktari akaja na miwani yake puani.

"Figo imeumia. Leo dripu hatumpi."

"Hata nusu?" bibi akauliza.

"Hata nusu, mama. Rudini wiki ijayo tupime. Imebanwa muda mfupi, huenda ikarudi. Isiporudi, hii dawa tutaachana nayo."

"Mkiachana nayo mtampa nini?"

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti ingawa haikuwa na vumbi. "Tutampa za maumivu, mama."

Bibi hakulia. Aliuvua mtandio, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. "Wiki moja," akasema.

"Wiki moja. Na hiyo koki iangalieni kama jicho lenu."

Wote tukamtazama mgonjwa. Na mgonjwa alikuwa anatabasamu.

"Wiki nzima bila dripu!" babu akasema. "Hii likizo sikuiomba."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi. Bibi alinikanyaga mguu kwenye gari, akaninong'oneza, "Anajikaza kwa ajili yetu. Mwache." Nami nikaamini. Nilikaa pale nikajiambia kuwa nimemuua babu yangu kwa sindano yangu mwenyewe, kwa maringo ya bitana laini.

Tulipofika nyumbani nilijifungia chumbani na ile suruali aliyoivaa jana yake. Nililia. Sioni aibu kuwaambia, nililia mpaka nikachoka, kisha nikachukua kiwembe nifumue ule mfuko, nisiuone tena.

Lakini fundi ni fundi. Kabla ya kufumua nilitaka kujua nilikosea wapi. Kwenye vifaa tulivyopewa hospitali kulikuwa na koki ya akiba. Nikaipitisha kwenye ule upenyo, nikavaa suruali ya babu mimi mwenyewe, nikaanza majaribio. Nikakaa. Nikainuka. Nikachuchumaa. Nikajilaza kifudifudi na ubavu. Mngeniona mngecheka mpaka basi.

Koki haikusogea. Ilikuwa ngumu. Ukitaka kuizungusha lazima uishike kwa vidole viwili na uwe umekusudia.

Machozi yakakauka hapo hapo. Nikaivua ile suruali, nikaipeleka dirishani, nikaikagua kama ninavyokagua nguo ya mteja anayedai imechanika yenyewe.

Magotini kulikuwa na saruji. Saruji mpya iliyokaukia kwenye nyuzi, magoti yote mawili. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa washa mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia bomba lisivuje, na kipande cha ile tepu nyeupe wanayozungushia mabomba.

Mgonjwa wa kitandani, magoti ya saruji?

Nikaenda jikoni. Bibi alikuwa uani anateka maji, namsikia akigombana na ndoo. Jikoni kwetu kuna meza ndefu, na chini ya meza kuna pazia la kuficha masufuria. Nikalifunua. Masufuria yalikuwa yamesogezwa pembeni. Ukutani palikuwa na tundu jipya lililozibwa kwa saruji, na ndani ya tundu linatokeza bomba jipya, limefungwa vizuri, halijafika popote bado. Chini yake, kwenye gunia, spana.

"Umeingia sehemu ya kazi bila ruhusa ya fundi."

Babu alikuwa mlangoni na fimbo yake.

"Babu, hii nini?"

"Fundi cherehani hajui bomba akiliona? Punguza sauti."

"Ni wewe uliyefunga koki!"

"Punguza sauti, nimekuambia."

Akajikokota mpaka kwenye kigoda, akakaa, akanieleza yote kwa kunong'ona. Bibi alipoondoka kwenda kwa dada yake, na mimi nikiwa dukani, alijilaza chini ya meza akafanya kazi kutwa nzima. Tundu alikuwa amelitoboa siku za nyuma, kidogo kidogo. Mrija unamvuta, mfuko unajaa, unamlemea, hawezi kugeuka.

"Na kazi ya bomba, mke wangu, kitu cha kwanza unafunga koki. Mkono umeshazoea. Nikafunga ya uani, nikaumwaga mfuko, nikafunga na ya kwangu. Nilipomaliza nikafungua ya uani. Ya kwangu nikasahau."

Nakiri kwenu, nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka nimejiziba mdomo kwa pazia la masufuria, na babu naye akacheka ameshika mgongo. Nani mwingine duniani angefanya kosa hilo? Ni huyu wangu tu.

"Sasa mbona ulinyamaza hospitali? Bibi kanibebesha kesi mbele ya watu!"

"Ningesema koki niliifunga mimi, angeniuliza nilikuwa nafanya nini. Nataka siku moja aingie humu, azungushe, maji yatoke. Nione uso wake."

"Si umwite fundi mwingine amalizie?"

"Mafundi wote wa hapa nimewafundisha mimi. Nikimwita mmoja, kabla hajafungua boksi lake bibi yako ameshapata habari. Halafu yeye hajawahi kuniomba bomba la fundi mwingine. Miaka yote hiyo anaomba langu."

"Basi nielekeze, nifunge mimi."

"Wewe? Ukilishona litavuja."

"Babu!"

"Nakutania." Kisha akaacha kutania, na mimi hali hiyo huwa siipendi. "Sikiliza. Dripu ikiingia nalala chini, siwezi hata kushika kijiko. Nikianza kupata nguvu ya kushika spana, mnanirudisha kwenye kile kiti cha dripu. Hii ni wiki ya kwanza najiona mtu. Mimi nitaondoka, mke wangu. Tusidanganyane, mimi na wewe huwa hatudanganyani. Nitaondoka, na yeye atabaki anabeba ndoo. Mke wa Mzee Koki."

Nilimshika mkono, nikamwambia ninampenda, na kwamba akikosa hiyo dripu ataondoka kabla sijawa tayari, na sitakuwa tayari kamwe.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo daktari alipovua miwani."

"Basi una wiki moja. Malizia kwa wiki moja, nitakusaidia, nitakushikia taa, nitamtoa bibi nyumbani. Halafu twende kwenye dripu."

"Zamani hii ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kwa nguvu hizi wiki haitoshi. Nikipata mbili, labda."

"Daktari kasema moja."

Alikuwa analitazama bomba lake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo, chini ya shati, nami nilidhani anajikanda.

"Figo ikiwa imechoka kidogo tu," akasema taratibu, "si sana, kidogo, wataniahirisha tena wiki nyingine."

"Babu. Si umesema ulisahau?"

"Jana nilisahau. Kweli kabisa nilisahau."

Nilimwinulia shati kabla hajanizuia. Mfuko, ambao nilikuwa nimeumwaga tulipofika nyumbani, ulikuwa mtupu vile vile nilivyouacha. Koki ilikuwa imefungwa.

Niliizungusha kwa vidole viwili, kwa kukusudia. Mkojo ukaanza kushuka. Babu hakunizuia, alinitazama tu.

"Fungua," akasema. "Wewe una duka lako, utaondoka kesho asubuhi. Mkono wangu utabaki hapa hapa na koki."

Nyuma yetu ndoo ikatuliwa sakafuni.

Sijui bibi alikuwa amesimama pale tangu lini. Maji yalikuwa yamemmwagikia miguuni na hakuwa na habari nayo. Nikafikiri atashangaa bomba. Hata hakulitazama.

"Hilo bomba niliona tundu lake tangu juzi," akamwambia babu. "Nikanyamaza, nikasema acha mzee wangu anishangaze. Nikaenda kwa dada yangu kutwa nzima ili upate nafasi. Leo hospitali nikamtupia mtoto wa watu lawama, kalilia suruali yake humo ndani nikiwa nasikia, ili wewe usiaibike. Nilijua umesahau."

"Nilisahau, mama watoto."

"Jana."

Babu akainamisha kichwa.

"Silitaki bomba," bibi akasema. Sauti yake ilitetemeka, na sauti ya bibi haitetemeki. "Nitabeba ndoo mpaka shingo ivunjike. Silitaki. Nakutaka wewe kwenye kile kiti wiki ijayo."

Nilimsubiri babu aseme kichekesho. Hakuna ugomvi wa nyumba hii ambao hajawahi kuumaliza kwa kichekesho. Bibi naye alikuwa anakisubiri, nilimwona.

"Na mimi dripu siitaki," babu akasema. "Nimechoka. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Ndoo, meza, pazia, sisi watatu. Bibi alishika ukingo wa meza. Babu alishika fimbo. Kisha wakafanya kitu ambacho hawajakubaliana kukifanya tangu waoane: walinigeukia kwa pamoja.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, "mwambie."

"Mke wangu," babu akasema, "mwambie wewe."

Mfuko ulikuwa unajaa taratibu mkononi mwangu, wa moto. Nikafungua mdomo.